Nitajuaje faili lipi bado halijanakiliwa?

Barua

Kwako Mshauri,

Pole na kazi. Mimi ni mfasiri, na pembeni hunukuu mahojiano ya watafiti: wananitumia sauti, nami nawarudishia maandishi. Kompyuta yangu imejaa tafsiri, rekodi, ankara za wateja na picha za familia. Nina diski mbili za nje, pamoja na nafasi kidogo kwenye wingu.

Usidhani sihifadhi nakala. Nahifadhi sana, labda kupita kiasi. Kinachonishinda ni kujua lipi limeshanakiliwa na lipi bado. Nilianza na daftari. Baadaye nikatengeneza jedwali la Excel lenye jina la faili, folda, tarehe, na kisanduku ninachokipaka kijani faili likishafika kwenye diski. Rafiki akanishauri niongeze neno TAYARI mwishoni mwa jina la kila faili lililonakiliwa, nikafanya hivyo. Sasa nina "Sura ya 3 TAYARI" na "Sura ya 3 TAYARI mpya", na kila nikifungua faili la zamani kurekebisha neno moja najiuliza kama nirudi kwenye jedwali nifute kijani.

Hivi karibuni mtafiti mmoja aliniomba rekodi ya zamani. Niliikuta kwenye diski zote mbili, lakini kila moja ina ukubwa wake, na hakuna inayolingana na iliyo kwenye kompyuta. Folda nyingine niliyokuwa nimeipaka kijani haipo kwenye diski yoyote. Nikishikwa na wasiwasi nanakili kila kitu upya usiku kucha, ndiyo maana diski zimejaa folda zinazoitwa "Bekapu", "Bekapu mpya" na "Bekapu mpya kabisa".

Kaka yangu anasema niweke kila kitu kwenye folda inayojilinganisha na wingu yenyewe, niache kujitesa. Je, yuko sahihi? Au kuna namna ya kuweka alama kwenye kila faili isiyotegemea kumbukumbu yangu? Na hizi diski mbili nizifanyeje?

Mwenye Visanduku vya Kijani

Jibu

Dada Mwenye Visanduku vya Kijani,

Jedwali lako lina kasoro ambayo hata ungekuwa makini mara mbili ya hivi usingeiondoa. Kisanduku cha kijani kinasema faili lilikuwa sawa na nakala yake siku ile ulipolinakili. Ukilifungua kesho ukabadili koma moja, kijani kinabaki pale pale huku ukweli umeondoka. Ni sawa na kuandika "umejaa" kwenye mtungi ambao watu bado wanauchota. Swali la kama faili limenakiliwa halijibiwi kwa kulitazama faili peke yake. Linajibiwa kwa kulilinganisha na nakala yake, na kulinganisha ni kazi ambayo kompyuta huifanya haraka, bila kuchoka, kila unapoitaka. Kwa hiyo acha kutunza orodha ya yaliyobaki. Iwe inatengenezwa upya kila unapoihitaji.

Ila alama unayoiulizia ipo, na ni ya siku nyingi. Tangu enzi za MS-DOS, mfumo wa kompyuta wa Microsoft uliotangulia Windows, kila faili hubeba sifa ndogo inayoonyeshwa kwa herufi A, na Windows bado inayo mpaka leo. Faili likiundwa au likibadilishwa, A inawaka. Programu ya kuhifadhi nakala ikishalichukua, inaizima. Ukifungua dirisha la amri ndani ya folda yako ukaandika `attrib`, utaziona hizo A pembeni ya majina. Amri ya `xcopy` ikiongezewa `/M` hunakili yenye A tu, kisha huizima.

Unaweza kudhani tumemaliza. Bahati mbaya alama ni moja na wewe una diski mbili. Ukinakili kwenye diski ya kwanza A zote zinazimika, na zamu ya diski ya pili ikifika kompyuta itakwambia hakuna kipya. Tena alama hiyo haijui nakala ilikwenda wapi, wala kama ile diski bado inafanya kazi au ilishaanguka ikafa. Programu nyingine yoyote ikiamua kuizima, inaizima bila kukuuliza. Kwa mtu mwenye diski zaidi ya moja mimi siishauri kabisa. Ni kisanduku chako cha kijani kwa sura nyingine, ingawa hiki walau hujipaka chenyewe.

Basi tulinganishe. Njia ya kawaida ni kutazama vitu viwili, ukubwa wa faili na tarehe ya mwisho kubadilishwa. Vikifanana pande zote mbili, faili linarukwa. Ndivyo ifanyavyo `rsync`, programu iliyotoka mwaka 1996 kwa mikono ya Andrew Tridgell na Paul Mackerras, na inayotumika sana kwenye Linux na Mac. Windows inakuja na `robocopy`, imo ndani tangu Windows Vista. Kama dirisha jeusi la amri linakutisha, FreeFileSync hufanya kazi hiyo kwenye mifumo yote mitatu kwa madirisha na vitufe: unachagua folda ya kushoto na ya kulia, unabonyeza kitufe cha kulinganisha, unaonyeshwa yaliyopo upande mmoja tu na yanayotofautiana. Jedwali ulilokuwa ukihangaika nalo ndilo hilo, isipokuwa hili ni la dakika hii.

Jambo ninalotaka ulishike zaidi ya mengine yote hapa ni kuomba orodha kabla ya kunakili. Kwa `rsync` unaongeza `-n`. Kwa `robocopy` unaongeza `/L`, hivi:

`robocopy C:\Kazi E:\Kazi /E /L /R:1 /W:1`

C ni kompyuta, E ni diski ya nje, na `/E` huchukua hata folda zilizo ndani. Hapo hakuna faili linaloguswa, unapewa orodha tu. Ukiridhika, unaondoa `/L` na kurudia amri ile ile. Usiziache hizo `/R:1` na `/W:1`. Bila hizo, `robocopy` ikikutana na faili lililofungwa na programu nyingine itajaribu tena hadi mara milioni 1, ikingoja sekunde 30 kila mara. Aliyepanga hivyo sijui alikuwa na haraka gani maishani.

Utakutana pia na `/MIR`, ambayo watu huisifia kwa sababu huifanya diski ifanane na kompyuta kwa kila kitu. Kufanana huko ni pamoja na kufuta kwenye diski chochote ambacho kwenye kompyuta hakipo. Ukikosea ukaandika diski mahali pa kompyuta, inafuta kwenye kompyuta. Kwa sasa, diski zako zikiwa katika hali hiyo, usiiguse.

Siku ya kwanza orodha inaweza kudai kwamba kila kitu kimebadilika, hata picha usizozigusa miaka mingi. Usiogope, na usinakili upya usiku kucha. Mara nyingi sababu ni namna diski ilivyoumbizwa. FAT32, aina ya umbizo ambayo bado iko kwenye flashi na diski nyingi, hukumbuka muda wa faili kwa hatua za sekunde 2, wakati NTFS ya Windows huukumbuka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Faili lile lile linaonekana limepishana na nakala yake kwa sekunde moja. Ongeza `/FFT` kwenye `robocopy`, au `--modify-window=2` kwenye `rsync`, na tofauti hizo za uongo zitatoweka. Zikipishana kwa saa nzima kamili, hapo shaka iende kwenye majira ya saa, maana FAT32 huandika saa ya mahali ulipo bila kusema ni mahali gani.

Sasa neno TAYARI. Naona rafiki yako alikutakia mema, lakini kwa programu ya kulinganisha jina likibadilika hilo ni faili jingine. "Sura ya 3" iliyo kwenye diski itaonekana haina mwenzake kwenye kompyuta, na "Sura ya 3 TAYARI" itaonekana mpya kabisa, inakiliwe. Kila ulipoweka alama ya kusema "hili limekwisha" ulikuwa unazalisha faili jingine ambalo bado. Sehemu kubwa ya mrundikano wako nadhani inatoka hapo.

Rekodi yenye ukubwa wa aina tatu ni jambo zito zaidi, na hapa sikubaliani na wanaosema chukua kubwa ufute ndogo. Iliyo ndogo huenda ni nakala iliyokatika katikati, diski ilipochomolewa mapema. Kubwa nayo huenda ni ile uliyoihifadhi upya kwa mfumo mwingine wa sauti. Zifungue zote tatu, usikilize dakika za mwisho za kila moja, na uone ipi inafika mwisho wa mazungumzo.

Rekodi za watu ni tofauti na tafsiri zako kwa jambo moja: hazitakiwi kubadilika kamwe. Tafsiri hubadilika kila siku, kwa hiyo tarehe na ukubwa vinatosha kuifuatilia. Rekodi asilia inastahili kipimo kikali zaidi, yaani alama ya kidijitali inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo yote ya faili. Kwenye Windows ni `certutil -hashfile jina.wav SHA256`, kwenye Mac ni `shasum -a 256 jina.wav`, na kwenye Linux ni `sha256sum jina.wav`. Utapata mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Sauti ikibadilika hata kidogo, mfuatano mzima unageuka. Mteja akikutumia rekodi, kokotoa siku hiyo hiyo, uuhifadhi mfuatano kwenye faili la maandishi ndani ya folda ya rekodi hizo, kisha uzifanye rekodi zisomeke tu bila kuandikika. Hii ndiyo orodha pekee ya faili moja moja ambayo ningekushauri uitunze, maana haizeeki.

Nirudi kwenye folda uliyoipaka kijani na haipo popote. Kulinganisha kusingekuokoa hapo kama folda yenyewe haikuwa ndani ya kile unacholinganisha. Huu ndio upande ambao kompyuta haiwezi kukufikiria. Nimeona kutoka kwenye barua yako kwamba unachagua folda za kunakili, hii ndiyo, hii hapana. Ukifanya hivyo, kila folda mpya inazaliwa nje ya uangalizi mpaka uikumbuke. Geuza utaratibu. Chukua folda yako yote ya mtumiaji, ile yenye jina lako inayobeba Nyaraka na Picha, kisha andika vichache unavyoviacha: faili za muda za kivinjari, programu ulizopakua, filamu. Ukisahau kuandika kitu kwenye orodha ya kuachwa, hasara ni nafasi kidogo ya diski. Ukikisahau kwenye orodha ya kunakiliwa, umekipoteza.

Kwa mfasiri kuna vitu vinavyojificha, nikutajie. Kumbukumbu ya tafsiri, yaani hazina ya sentensi ulizokwisha kutafsiri, na faharasa zako mara nyingi hazikai pamoja na hati. Programu ya tafsiri huziweka kwenye folda yake, nyingine ndani ya AppData ambayo Windows huificha. Miaka ya kazi yako imo humo kuliko hata kwenye hati zenyewe. Fungua mipangilio ya programu uone zinakaa wapi, na uifunge programu kabla ya kunakili, kwa sababu hifadhidata iliyo wazi inaweza kurukwa au kunakiliwa ikiwa nusu imeandikwa. Barua pepe zilizoshushwa kwenye kompyuta zina tabia hiyo hiyo. Angalia pia mafaili ya kwenye wingu yanayoonekana kwenye kompyuta kwa jina tu, yenyewe yakiwa bado huko yaliko. Ukiona alama ya wingu pembeni ya jina, yaliyomo hayapo kwenye diski yako ya ndani mpaka uyashushe.

Kama ungependa yote haya yafanyike bila wewe, inawezekana. Mac ina Time Machine tangu 2007, na Windows ilipewa Historia ya Faili ilipofika toleo la 8, mwaka 2012. Time Machine haihitaji kupekua diski nzima kila saa, kwa kuwa mfumo wa kompyuta wenyewe huandika folda zipi zimeguswa. Historia ya Faili yenyewe huanza na folda za kawaida tu kama Nyaraka na Picha. Folda ya "Kazi" uliyoiunda moja kwa moja kwenye C haimo mpaka uiingize.

Ukishaikabidhi kazi programu, kinachobaki cha kufuatilia ni kama programu inafanya kazi. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za waandika programu, ilikuwa na mfanyakazi aliyefuta kimakosa data ya seva kuu. Walipozitafuta nakala za kila siku hawakuzikuta, kwa sababu programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, ikawa inashindwa kila siku. Barua pepe za kuwaarifu kwamba inashindwa zilikuwa zinatumwa, lakini zilikataliwa na mfumo wa barua kabla hazijamfikia mtu. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mmoja wao aliitengeneza kwa mkono saa 6 hivi kabla ya tukio. Wameyaeleza haya wenyewe hadharani, jambo ninalowaheshimu nalo.

Kwa hiyo, badala ya mistari mingi ya Excel, bandika karatasi ndogo kwenye kila diski. Andika tarehe ya mara ya mwisho nakala kukamilika, idadi ya makosa iliyoripotiwa mwishoni, na jina la faili moja ulilolirudisha kutoka kwenye diski hiyo ukalifungua likafunguka. Usichague faili hilo kwa kupendelea, chukua lolote.

Kaka yako ana nusu ya haki. Folda inayojilinganisha na wingu huiga, na huiga hata makosa. Ukifuta hapa, kule kunafutika. Virusi vya kudai fidia vikiyafunga mafaili yako, yaliyofungwa ndiyo yatakayopanda. Huduma nyingi huweka vilivyofutwa kwenye pipa kwa muda fulani, lakini wewe umeligundua tatizo la rekodi muda mrefu baada ya kutokea, na pipa lisingekusubiri. Nusu yake ya haki ni kwamba nakala moja lazima iwe mbali na nyumbani. Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeeneza kanuni inayoitwa 3-2-1: nakala tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikiwa mahali pengine. Wewe tayari una vifaa vya kutosha. Diski moja ibaki mezani, ya pili ikae kwa kaka yako huyo huyo na mbadilishane mara kwa mara, na wingu libebe kazi za sasa hivi. Kabla ya kupandisha mahojiano kwenye wingu, soma watafiti walikuandikia nini kuhusu usiri. Diski inayotoka nyumbani nayo ifungwe kwa nywila, kwa BitLocker kwenye Windows au kwa usimbaji wa Finder kwenye Mac.

Diski zako mbili sasa. Usifute chochote kwa wiki hizi za mwanzo, hata folda yenye jina la kipuuzi. Acha ya kwanza ilale kabisa. Kwenye ya pili, unda folda moja mpya na unakili humo folda yako yote ya mtumiaji kama nilivyoeleza. Nafasi ikikosekana, ni afadhali utafute diski ya tatu kuliko kuanza kufuta kwa kubahatisha. Linganisha mpaka orodha itoke tupu. Kisha tumia programu ya kutafuta nakala pacha, kama dupeGuru, uiambie ilinganishe yaliyomo na si majina, maana majina yako yamevurugwa na TAYARI. Vilivyomo kwenye "Bekapu" za zamani ambavyo tayari vimo kwenye folda mpya vitajitokeza, na visivyokuwamo ndivyo vya kukaa navyo chini na kuvipitia kimoja kimoja. Humo nadhani utaikuta ile folda ya kijani, pengine kwa jina jingine. Diski ya kwanza iamshwe baada ya hapo, ipitiwe vivyo hivyo.

Neno TAYARI uliondoe kwenye majina ya kompyuta kabla ya kunakili hiyo folda mpya, si baada, la sivyo diski itabeba majina yote mawili. PowerToys ya Microsoft ina kifaa cha kubadilisha majina mengi kwa mkupuo, na Finder ya Mac inayo pia ndani yake. Lakini anza na jozi kama "Sura ya 3 TAYARI" na "Sura ya 3 TAYARI mpya" kwa mkono. Zifungue zote mbili uone ipi ni ya mwisho kweli, kwa sababu "mpya" ya mwaka ule inaweza kuwa imepitwa na ile nyingine uliyoirekebisha mwezi jana.